Pointi 101,000 za hoteli: nilalie Nairobi, nigeuze maili, au nisubiri?

SWALI: Habari za kazi. Naishi Arusha, nafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali, na kwa safari za Kampala, Kigali na Nairobi nimejikusanyia pointi 101,000 za Marriott Bonvoy, mpango wa uaminifu wa hoteli za Marriott. Desemba nataka kwenda Nairobi na mke wangu na watoto wetu wawili, tulale siku tano. Hoteli tuliyoipenda inaonyesha dola 150 kwa usiku mmoja au pointi 24,000. Rafiki yangu anayefuatilia sana mambo haya anasema pointi ya Bonvoy ina thamani ya senti 0.8 za dola, kwa hiyo hapo nitapunjwa. Ananishauri nizigeuze kuwa maili za ndege. Nami nimeona ofa ya kuuziwa pointi kwa punguzo. Nifanye lipi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amegawa 150 kwa 24,000, akapata senti 0.625, akaona iko chini ya 0.8. Kugawa amegawa sawasawa. Tatizo ni kwamba namba zote mbili alizozitumia si zako. Ile 0.8 ni wastani uliokokotolewa na watu wanaolala New York na Tokyo na kulipa bei za huko. Na hizo dola 150 si bei ambayo wewe, mkazi wa Afrika Mashariki, ungelipa kwa kweli. Pointi ina thamani ya fedha inayokuokoa kutoa mfukoni, basi. Tuipige hesabu upya, polepole.

Kwanza ongeza kodi. Bei inayoonekana mwanzoni kwenye programu ya simu mara nyingi haijabeba kodi, nazo Kenya ni VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Juu ya dola 150 hiyo ni dola 24 na dola 3, jumla 177. Ukilala kwa pointi, kwa kawaida kodi ya chumba huilipi. Kwa hiyo cha kugawa ni 177 kwa 24,000, unapata senti 0.74.

Pili, kumbuka unachokikosa. Ukilipa fedha, Bonvoy inakupa pointi 10 kwa kila dola katika chapa zake nyingi, na hesabu hiyo hufanywa kwa bei ya chumba kabla ya kodi. Ukilala kwa pointi hupati kitu. Maana yake usiku huo haukugharimu 24,000 tu, umekugharimu 25,500, kwa sababu 1,500 ambazo zingeingia hazikuingia. 177 kwa 25,500 ni senti 0.69. Watu wengi huliruka hili, na kwa mwanachama wa daraja la juu anayepewa nyongeza ya pointi pengo linakuwa kubwa zaidi.

Tatu, na hapa wewe una bahati, Bonvoy ukilipia siku nne mfululizo kwa pointi, ya tano ni bure. Inayosamehewa ni ile yenye pointi chache kuliko zote, na lazima siku zote tano ziwe katika hoteli moja na buking moja. Ndiyo maana 101,000 zinakutosha: unadaiwa 96,000. Kwa fedha taslimu siku tano zingekuwa dola 885, na pointi ambazo zingeingia ni 7,500. 885 kwa 103,500 ni senti 0.86. Ghafla umempita rafiki yako na 0.8 yake.

Ungeniuliza swali hili ukiwa Amsterdam ningekwambia buku leo. Lakini uko Arusha.

Hoteli nyingi za Kenya na Tanzania zina bei ya wakazi. Mara nyingi huioni kwenye programu ya simu. Unaipata kwa kupiga simu idara ya buking au kuandika barua pepe, na ukifika unaonyesha kitambulisho. Nyingine huitoa kwa raia wa nchi zote za Afrika Mashariki, nyingine kwa Wakenya na wenye vibali vya kuishi Kenya tu, kwa hiyo uliza wazi. Tuseme wanakwambia shilingi za Kenya 15,500 kwa usiku, kodi ndani na chai ya asubuhi ya watu wawili ndani. Kwa dola moja kwa shilingi 129, hiyo ni kama dola 120.

Sasa angalia chai. Usiku wa pointi kwa kawaida ni kitanda peke yake. Asubuhi mtashuka, wewe na mkeo, na bili itakuja: tuseme dola 15 kila mmoja. Hizo dola 30 utazitoa hata ukilala kwa pointi. Basi pointi zako hazikuokoi dola 120 kwa usiku, zinakuokoa 90. Siku tano ni 450. Kwa bei ya wakazi pointi ambazo zingeingia tuziweke 5,000 (nayo uliza, maana si kila bei maalumu inaingiza pointi). 450 kwa 101,000 ni senti 0.45.

Chumba ni kilekile, wiki ni ileile, na thamani imeshuka kutoka 0.86 hadi 0.45 kwa sababu ya simu moja. Ndiyo maana nasisitiza kwa wasomaji wa huku kwetu: usihukumu pointi kabla hujajua bei ya wakazi na kama ina chai. Yeyote anayeishi Arusha, Mombasa au Kampala akipima pointi zake kwa bei ya mtalii anajidanganya kwa faida ambayo hajaipata.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini lina uzito kuliko hesabu yote hii: mko wanne. Chumba cha kawaida cha pointi aghalabu kimepangwa kwa watu wawili. Hoteli nyingine huruhusu watoto wadogo kulala na wazazi bila malipo, nyingine hutoza kitanda cha nyongeza kwa fedha, nyingine hulazimisha vyumba viwili. Ikiwa ni viwili, unadaiwa pointi 192,000 na mjadala umeisha. Usiandike watu wawili kwenye buking ukitumaini mapokezi watafumba macho. Desemba hoteli ikiwa imejaa hawatafumba. Weka idadi ya kweli na umri wa watoto, kisha thibitisha na hoteli kwa maandishi.

Niwaeleze pia kinachotokea upande wetu wa kaunta, sisi wa hotelini, maana kinafafanua mengi. Mgeni wa pointi si mgeni wa bure kwa hoteli. Mpango wa uaminifu unailipa hoteli. Siku ambazo vyumba ni vitupu hulipwa kiasi kidogo. Hoteli ikikaribia kujaa, malipo hayo hupanda na kusogea karibu na bei yake ya wastani. Kwa hiyo kuna mameneja wanaomkaribisha mgeni wa pointi kwa mikono miwili, na kuna wanaoviita “vyumba vya kawaida”, ambavyo ndivyo hutolewa kwa pointi, vile vichache tu ili wa pointi wasivipate vingi. Ukiona chumba cha fedha kipo na cha pointi hakipo, mara nyingi sababu ni hiyo. Jaribu tarehe za jirani, au ubuku mapema kabla vile vichache havijaondoka.

Kuhusu maili. Bonvoy inabadilisha pointi 3 kwa maili 1 katika mashirika mengi ya ndege, na kwa mengi ya hayo kila ukihamisha 60,000 unaongezewa maili 5,000. Pointi 60,000 zinakuwa maili 25,000. Hata kwa ile thamani ya chini tuliyopata, senti 0.45, pointi hizo zina dola 270 ndani yake. Basi jiulize: maili 25,000 zitakupunguzia tiketi kwa zaidi ya dola 270, baada ya kutoa kodi na tozo ambazo tiketi ya maili bado inadai kwa fedha? Inawezekana. KLM inatua Kilimanjaro na iko kwenye Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, na tiketi za Ulaya si rahisi. Lakini usihamishe kabla hujakiona kiti chenyewe, tarehe yenyewe, kwa idadi ya maili unayoijua. Kuhamisha huweza kuchukua siku kadhaa na zikishaondoka hazirudi. Kugeuza “ziwepo tu” ni kubadilisha kitu unachokifahamu kwa kitu usichokifahamu.

Kununua, hapana. Bei ya kawaida ya Bonvoy ni dola 12.50 kwa pointi 1,000, yaani senti 1.25 kila moja. Hata ukipewa punguzo la asilimia 40 umenunua kwa senti 0.75 kitu ambacho Nairobi kitakurudishia 0.45. Kununua kuna maana pale tu unapopungukiwa kidogo kukamilisha buking ambayo umeshaihesabu na inakulipa.

Kuna wasomaji watakaosema wao wako mpango mwingine, je, namba hizi zinahama? Njia ya kuhesabu inahama, namba hazihami. Accor ndiyo nyepesi kuliko zote: pointi 2,000 ni euro 40 za kupunguza bili, iwe Fairmont The Norfolk au ibis. Hapo hakuna cha kukokotoa, kuna kukumbuka tu kuzitumia kabla hazijafa, kwani akaunti isiyosogea kwa siku 365 inazipoteza. Hilton hutoa pointi nyingi na kudai nyingi, kwa hiyo usishangae namba kubwa. Faida yake ni siku ya tano bure kwa wenye daraja la Silver kwenda juu. Hyatt hutoa pointi 5 tu kwa dola, lakini kihistoria kila moja imekuwa na nguvu zaidi, ndiyo maana mwenye 30,000 za Hyatt asijione maskini mbele ya mwenye 60,000 za Hilton.

Je, usubiri? Kidogo, si sana. Hilton iliondoa jedwali lake la bei za pointi 2017, na Marriott ikafuata 2022. Tangu hapo hoteli iliyokuwa ikidai idadi inayojulikana inaweza kudai zaidi wiki ijayo. Pointi hazizai riba, bei yake hupangwa na anayezipokea, na Bonvoy huzifuta akaunti ikikaa miezi 24 bila kuingiza wala kutumia. Safari zako za kazi zinaiweka hai, lakini kuzirundika miaka mitano ni kumwachia mtu mwingine akupunguzie.

Nadhani mahali pazuri zaidi pa pointi zako ni pale ambapo huna bei ya wakazi na ungelipa bei kamili hata hivyo. Dubai, kwa mfano: bei ya chumba huko inaongezewa ada ya manispaa, gharama ya huduma na VAT, ambazo kwa usiku wa pointi kwa kawaida huzilipi, utalipa Tourism Dirham tu, yaani tozo ya utalii ya huko, ambayo haizidi dirhamu 20 kwa chumba kwa usiku. Lakini hata huko, Julai na Agosti joto linashusha bei kiasi kwamba fedha taslimu hushinda. Mahali pengine ni hapa hapa nyumbani siku ambazo bei ya wakazi inafungwa: Krismasi na Mwaka Mpya pwani, mikutano mikubwa ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri, na AFCON ya 2027 iliyopangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Tarehe za namna hiyo, anayebuku mapema kwa pointi hukuta vyumba bado vipo.

Kambi za mbugani ziko peke yake. Zipo ambazo usiku wa pointi unabeba chakula chote na kuzunguka kuona wanyama, na hapo thamani hupanda sana. Kiingilio cha hifadhi huwa ni juu yako, kwa hiyo pata orodha ya kilichomo kwa maandishi.

Basi kwa Desemba yako fanya hivi. Leo buku zile siku tano kwa pointi, baada ya kuhakikisha mtakaa wanne chumba kimoja. Soma tarehe ya mwisho ya kufuta. Kabla ya hapo pointi hurudi zote. Kesho andikia hoteli, omba bei ya wakazi kwa siku hizo hizo, na uulize chai, watoto, na kama pointi zinaingia. Wakikupa dola 120 au chini, lipa fedha, futa ile ya pointi, na uziweke kwa safari isiyo na bei ya wakazi. Wakikwambia mwisho wa mwaka hakuna bei ya wakazi na unatakiwa kulipa 177, kaa na pointi zako bila wasiwasi: ikiwa bei hiyo nayo haina chai, zile dola 30 za kila siku utazitoa kwa vyovyote, na pointi bado zinakuokoa dola 885 za chumba, na 0.86 kwa Nairobi ni nzuri.

Nyongeza moja kwa walio kwenye mashirika na serikalini. Pointi huingia kwa mgeni aliyelala na kulipa bili yake kwa buking ya hoteli yenyewe. Chumba kilichonunuliwa kupitia Booking.com au Expedia mara nyingi hakiingizi, na cha warsha kinacholipwa na mwandaaji kwa bili moja vilevile. Na usitumie pointi zako binafsi kulala kwenye safari uliyochukulia masurufu kabla hujamuuliza mhasibu. Usiku wa pointi hautoi risiti yenye kiasi, na wakati wa kurejesha masurufu utadaiwa risiti hiyo.