Maswali na majibu: Hipotenusi ni upande upi?

Shikamoo mwalimu. Pembetatu ikichorwa imelala ubavu, nashindwa kujua hipotenusi iko wapi. (Darasa la saba, Masasi)

Marahaba. Usitafute upande ulioinama. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tafuta kona ya nyuzi 90, yenye kialama cha mraba. Pande mbili zinakutana hapo. Wa tatu, usiogusa kona hiyo, ndio hipotenusi, na siku zote ni mrefu kuliko wenzake.

Pande ni 5, 12 na 13. Nimeandika sini ya pembe ndogo A ni 12/13, nikakosa. Kwa nini? (Kidato cha pili, Lindi)

Sini ni upande mkabala (unaotazamana na pembe) gawanya kwa hipotenusi, nawe umechukua upande jirani (unaoigusa pembe) badala ya mkabala. Hipotenusi haihami, lakini hizi mbili hubadilishana majina kutegemea pembe unayoitazama. A inaguswa na 12 na 13. Futa 13 kwanza, maana ni hipotenusi. 12 inabaki jirani, na 5, isiyoigusa A, ni mkabala. Sini ni 5/13, A ni nyuzi 22.6 hivi. Ukihamia pembe ya nyuzi 67.4, 12 inakuwa mkabala.

Msingi naupima kwa 3, 4, 5 lakini nyumba haikai skwea. (Fundi, Mikindani)

Kwanza, fundi, kutoka konani weka alama ya m 3 upande mmoja na ya m 4 upande wa pili; 5 inapimwa kati ya alama hizo mbili, haitoki konani. Pili, kamba ya nailoni huvutika, kwa hiyo pima kwa tepu iliyokazwa, tena katikati ya misumari na si ubavuni mwa vigingi. Sentimita chache si kitu kidogo: ukipata m 5.05 badala ya 5, kona imefunguka hadi nyuzi 91.2, na ukuta wa m 10 utaishia sm 21 nje ya mstari. Msingi ukiwa mkubwa tumia 6, 8, 10. Mwisho pima kona kwa kona: nyumba ya m 8 kwa 10 itoe m 12.81 mara zote mbili. Zikitofautiana, usichimbe.

Kenchi ya upana wa m 8, kimo m 1.5: kombamoyo (mbao ya mteremko wa paa) lina urefu gani? (Newala)

Gawa upana kwanza, kwa sababu pembetatu yako ni nusu ya kenchi: 4 na 1.5. Kombamoyo ndilo hipotenusi: 4 × 4 jumlisha 1.5 × 1.5 ni 18.25, na kipeuo chake cha pili ni m 4.27. Ukitaka paa litokeze sm 60 nje ya ukuta, ongeza sm 64, kwa kuwa mbao inafuata mteremko.