Kwa wanaoanza kusoma mjadala wa mamlaka ya Biblia

Mjadala huu unauliza kama Biblia haikosei katika yote inayoyasema. Kabla hujachagua upande, tenganisha maswali matatu. Maneno ya andiko lenyewe ni yapi, ukilinganisha nakala za kale? Mwandishi anadai nini, na kwa mtindo upi wa uandishi? Na je, hicho anachodai ni kweli? Wageni wa somo hili hukimbilia la tatu, wakajikuta wanagombania jambo lililopaswa kumalizwa katika la kwanza au la pili.

Chukua 2 Nyakati 22:2. Maandishi ya Kiebrania yanampa Ahazia miaka 42 alipoanza kutawala, ilhali 2 Wafalme 8:26 inampa 22. Sasa rudi 2 Nyakati 21:20: baba yake, Yehoramu, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Alifikisha kama 40 tu, na mwana hawezi kumpita baba yake kwa umri. Watetezi wengi wa fundisho la kutokosea kwa Biblia hukubali bila shida kwamba hapa mnakili aliteleza. Hilo ni swali la kwanza.

Lakini jibu hilo lina gharama yake. Likikubaliwa, kutokosea kunahusu maandiko asilia, ambayo leo hakuna aliye nayo. Wanatheolojia wa Marekani A. A. Hodge na B. B. Warfield waliitetea hoja hiyo kwa uangalifu katika makala yao ya 1881, na wapinzani wameendelea kuuliza inamsaidia nini msomaji aliyeshika nakala. Jibu lenye nguvu ni kwamba nakala ni nyingi, na kuzilinganisha huturudisha karibu sana na maneno ya mwanzo. Jibu dhaifu ni kusingizia wanakili kila unapobanwa. Ukitaja kosa la mnakili, onyesha ushahidi: tofauti kati ya nakala, au hesabu isiyokwepeka kama hiyo ya Ahazia.

Marko 2:26 ni ngumu zaidi. Yesu anamtaja Abiathari kuwa kuhani mkuu Daudi alipokula mikate ya wonyesho, lakini 1 Samweli 21 inamtaja Ahimeleki. Wapo wanaosema Marko anaelekeza kwenye sehemu ya Maandiko inayomhusu Abiathari. Wapo wanaosema anataja zama zake kwa jumla. Wapo wanaokiri kwamba majina yamechanganywa. Katika insha yako pima kila jibu kwa haki. Kuandika "hapa hakuna tatizo" ni kumnyima msomaji wako kazi aliyokutegemea uifanye.

Kisha soma Tamko la Chicago la 1978, ambamo viongozi wa kiinjili walieleza fundisho la kutokosea kwa Biblia, lisome lote, vifungu vyote 19, pamoja na yale yanayokanushwa. Wengi hulitetea au kulishambulia kwa kusikia tu. Kifungu cha 13 kinakataa kwamba Biblia inakosea kwa sababu ya kukosa usahihi wa kitaalamu wa kisasa, kutumia namba za kukadiria, kueleza maumbile jinsi macho yanavyoyaona, kupanga habari kwa mada, au kunukuu kwa uhuru. Kwa hiyo anayeleta bahari ya kusubu ya 1 Wafalme 7:23, yaani tangi la maji la hekalu lenye kipenyo cha mikono 10 na mzingo wa 30 (kwa hesabu kamili ingekuwa kama 31.4), anapiga mahali ambapo tamko halikusimama. Swali zito la wakosoaji ni lingine: ukishaondoa yote hayo, ni kitu gani kingehesabiwa kuwa kosa? Hapo ndipo ningemshauri mwanafunzi atumie muda wake mwingi.

Usidhani pia kwamba Wakristo wa kiinjili wote wanasema jambo moja. Mwanatheolojia James Orr wa Scotland alitetea uvuvio, yaani kwamba Mungu ndiye chanzo cha Maandiko, kwa moyo wote bila kuufunga na kutokosea katika kila jambo dogo. Agano la Lausanne la 1974, tamko la mkutano wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, linasema Biblia haina kosa katika yote inayoyathibitisha, na tangu hapo watu wamebishana kama maneno hayo ni ufafanuzi au mwanya.

Hata waliotia sahihi ungamo moja hutofautiana, na mara nyingi ni juu ya swali la pili. Mwaka 1983 wanachama wa Evangelical Theological Society, chama cha wasomi wanaokiri kwamba Biblia haikosei, walipiga kura kumtaka mwenzao Robert Gundry, msomi wa Agano Jipya, ajiuzulu. Yeye alisema anaamini Biblia haikosei. Hoja yake ilikuwa kwamba Mathayo alipamba baadhi ya habari kwa mtindo wa Kiyahudi uliojulikana na wasomaji wake. Je, hiyo ni kukana ukweli wa andiko, au ni kutambua aina yake? Jibu kwanza hilo, ndipo uhukumu kura.

Mwisho, kuhusu 2 Timotheo 3:16. Andiko linasema "lenye pumzi ya Mungu", halisemi moja kwa moja "halikosei". Hatua ya kutoka pumzi hadi kutokosea inahitaji kauli ya katikati, kwamba Mungu hasemi uongo, iandike, usiifiche. Tena, aya ya 15 inazungumzia maandiko aliyoyajua Timotheo tangu utotoni, yaani Agano la Kale. Ukitaka kulijumuisha Agano Jipya, leta hoja ya ziada, kwa mfano 2 Petro 3:16, ambapo nyaraka za Paulo zinawekwa pamoja na "maandiko mengine".