Puer mbichi na puer ya kuvundikwa: zionje siku moja

Niliposoma Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan nchini China, nilionja chai ya huko iitwayo puer, mbichi wiki moja na ya kuvundikwa wiki nyingine, kisha nikakata shauri kwamba ya pili ndiyo bora. Ilinichukua zaidi ya mwaka kugundua kuwa sikuitendea haki ile mbichi.

Zote mbili ni majani mapana ya Yunnan, ndugu wa karibu wa chai ya Kericho. Hunyaushwa, hukaangwa kwenye karai kubwa, husokotwa, kisha huanikwa juani. Njia huachana hapo. Mbichi hupigwa mvuke, ikashindiliwa kuwa mkate wa duara, ikaachwa ibadilike taratibu kwa miaka. Ile nyingine hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa wiki kadhaa, rundo likipata joto lenyewe huku vijidudu vikifanya kazi. Aliyewahi kuvundika ndizi ataelewa mara moja. Ufundi huo ulianza kutumika Kunming mwaka 1973, kwa lengo la kupata upesi ladha inayokaribia ya puer mbichi iliyokaa miaka mingi.

Kwa hiyo vikombe viwili havitoshi. Weka vitatu: mbichi changa, mbichi ya miaka kumi au zaidi, na ya kuvundikwa. Bila kile cha katikati utakuwa unapima tunda lililochumwa leo kwa lililovundikwa. Usinunue mikate mizima. Mkate wa kawaida una gramu 357, na wauzaji wengi hukumegea kipande cha kuonja.

Pima gramu 5 za kila chai kwa mililita 100 za maji yaliyochemka. Maji ya kwanza ni ya kusuuza majani, yamwage. Baada ya hapo, kila unapotia maji mapya kwenye majani yaleyale, sekunde kumi zinatosha, kisha mimina yote usiache majani yakilowa. Mahali ulipo pana maana pia: Kunming iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mkate uleule nilipoupeleka Guangzhou, chini kabisa, ulinichoma ulimi kwa uchungu. Aliyeko Nairobi hayuko mbali na hali ya Kunming; wa Dar au Mombasa apunguze sekunde.

Sasa onja, na tafadhali tenganisha uchungu na ukakasi. Mimi nilivichanganya muda mrefu. Uchungu wa puer mbichi nzuri hupita, halafu utamu hupanda kutoka kooni. Wachina huuita huigan. Ukakasi ni ule wa bibo, unaokausha ulimi na mashavu. Kidogo si kasoro. Ukibaki mpaka kikombe cha tano bila utamu wowote kufuata, chai hiyo mimi siinunui.

Ya kuvundikwa ina rangi ya kahawa na harufu ya udongo uliolowa mvua, na mdomoni ni nzito, laini. Ikiwa mpya huweza kunuka kidogo kama dimbwi au samaki. Hiyo ni harufu ya rundo: imege vipande, iache ipate hewa miezi michache, itapungua. Lakini ikinuka ukungu, usiinywe.

Endelea mpaka mmimino wa nane. Hapo ndipo mbichi iliyokaa ilinishika: kila kikombe kilikuja na jambo jipya, wakati ya kuvundikwa ilibaki ileile, tulivu, hadi ilipoisha nguvu. Kwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, bado nachagua ya kuvundikwa. Mbichi changa hunisokota tumbo nisipokula kwanza.

Ukishachagua, itunze mbali na jiko na viungo. Mkate wangu wa kwanza niliuweka kabati moja na karafuu na iliki, na baada ya miezi miwili harufu hiyo ilikuwa imeingia kila jani. Sasa nauacha kwenye karatasi yake, ndani ya chungu cha udongo kikavu, mbali na jua.