Umewaona, ama Umewasoma?

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu. Aliwaeleza watu wa kwao Kisauni kwamba antibiotiki haiui virusi, kwa hivyo kumnunulia mdogo wake vidonge hivyo kwa mafua, ambayo huletwa na virusi, ni kutupa pesa. Babake akamkata: "Usituletee usomi hapa." Sasa ananiuliza, sayansi ataipeleka wapi kama kwao haipokelewi?

Nimekaa na swali lake siku mbili. Jibu ninalo, ila linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2018 ugonjwa wa chikungunya uliingia mitaani Mombasa, na mji mzima ukawa unatembea kama umebebeshwa magunia. Shangazi yangu wa Majengo, mtu wa kukanda unga wa mahamri kila alfajiri, alishindwa kuinua birika. Viwiko vya mikono vimevimba, vidole havikunjiki. Duka la dawa wakampa vidonge vya malaria bila kumpima. Akamaliza dozi, maumivu yako pale pale.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia ikaletwa sauti ya mtu asiyejulikana, anaapa kwamba ugonjwa umetokana na ile dawa inayopulizwa kuua mbu. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Digrii yangu mamangu ameitundika ukutani, kwenye fremu ya dhahabu. Basi nikaandika, na nikaandika mno: kwamba ni virusi, kwamba mbebaji ni Aedes aegypti, mbu wa mchana, si yule wa malaria anayekuja usiku, kwamba huyu anazaa kwenye maji safi ya mapipa yetu, si kwenye mitaro. Kila mstari ulikuwa sahihi na mpaka leo nautetea. Lakini mwisho nikaongeza neno moja, na ndilo pekee walilolisoma: ujinga.

Aliyeileta ile sauti alikuwa ami yangu. Hazikupita dakika tano, nikaondolewa kundini.

Ijumaa nikaenda kwa shangazi, nikidhani angalau yeye atanielewa. Nikaanza upya, mbebaji, virusi, hatua nne za ukuaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imelala mapajani kama si yake. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, na hao mbu umewaona, ama umewasoma?"

Niliondoka nimekasirika. Njia nzima hadi Mishomoroni nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo. Nilipofika nyumbani nikaenda nyuma, penye pipa la bluu tunaloweka maji kwa sababu ya mfereji unaotoka siku mbili kwa wiki, nikafunua kifuniko na kumulika kwa simu. Walikuwemo. Viluwiluwi wanapinda na kunyooka, wanapanda juu kuvuta hewa, wanazama tena. Kwenye pipa langu! Mwalimu wa bayolojia, miaka mitatu nikiwachorea wanafunzi hatua nne ubaoni, sikuwahi kuchungulia pipa la maji ninayoogea.

Nikawachota kwa chupa ya achari, nikafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha leso, asubuhi nikampelekea shangazi. Sikueleza chochote. Nikasema tu, "Nimewatoa kwangu." Akaiweka dirishani. Watoto wa jirani wakaanza kuja kila wakitoka shule, wanahesabu. Siku ya nne, chini ya ile leso walikuwa wamesimama mbu weusi, miguu ina pete nyeupe. Shangazi akaisogeza chupa karibu na miwani yake, akasema, "Huyu ndiye aniumaye nikichambua mchele mchana." Akamwita jirani, jirani akaita jirani. Nilipomwambia kwamba kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai hugandana na kuta za pipa na hustahimili ukavu kwa miezi, hakuniuliza nimesoma wapi. Akatuma mtoto kutafuta makumbi, mapipa ya uani yakasuguliwa siku hiyo hiyo.

Na jina la ugonjwa? Nilimwambia si la Kizungu, ni la Kimakonde, kusini mwa Tanganyika, ulikotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Maana yake ni kumkunja mtu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Hao Wamakonde walinijua."

Sasa wewe kijana, ushauri wangu ni huu: onyesha. Usianze na neno la kitabu. Sisi tuliosoma tunapenda kulia kwamba watu wanachukia elimu, na wapo wanaoichukia kweli, hasa wanaouza dawa za uongo. Lakini wengi tunaowaita wajinga walifundishwa sayansi kwa Kiingereza na kiboko, wakatoka darasani wanajua jambo moja tu, kwamba sayansi ni kitu cha kukuaibisha mbele za watu. Ukija na "utafiti unasema", wanasikia kile kiboko. Kwa hivyo onyesha.

Tena chunguza kwanza wanachokijua wao. Ami yangu huyo aliyeniondoa amevua samaki miaka yote. Atakwambia bila karatasi kwamba mwezi ukiandama na ukifika mpevu ni bamvua, maji kujaa na kukauka sana, na yanakauka saa nne, saa tano asubuhi. Kati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana. Na kila siku maji husogea kwa karibu dakika hamsini. Hiyo ni fizikia ya mvutano wa jua na mwezi, ameipima kwa mtumbwi. Nami ndiye niliyemwita mjinga. Onyesha, halafu uliza, halafu nyamaza. Nyamaza hasa. Hicho ndicho kigumu kwetu walimu.

Mwezi uliopita shangazi alinichezea sauti kwenye simu yake. Ilikuwa ya ami. Kuna ujumbe kaletewa, kuhusu maji ya ndimu na shinikizo la damu, anataka kuusambaza. "Kwanza muulize yule msomi kama ni kweli."

Nilimjibu kupitia kwa shangazi, maneno machache. Kundini bado hajanirudisha.