Antena Imepanda Juu, Sauti Imeshuka Chini

Swali

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisasa hapa Dodoma. Mwanangu aliniletea redio ya skana, ile inayopekua masafa mengi, nami nikazoea kukaa nayo barazani jioni, nikisikiliza mazungumzo ya marubani. Kwa ile antena fupi ya mpira iliyokuja nayo nilikuwa nikisikia ndege zilizo karibu tu. Kwa hiyo nilinunua antena ya nje, ile yenye fimbo nyingi zilizotandazwa kama mbavu za mwavuli, na fundi akaifunga juu ya paa la bati. Waya alioniuzia ni mweusi, mwembamba, wa mita 30 hivi, na umezungushwa nyumba nzima hadi kufika chumbani. Cha ajabu ni kwamba sasa nasikia vibaya kuliko mwanzo, na masafa yaliyo juu ya megahezi 400 yamenyamaza kabisa. Fundi ananishauri ninunue busta, kifaa cha kukuza mawimbi. Je, ni ushauri sahihi? Tena mvua zikianza, mlingoti huo hautaniletea radi ndani ya nyumba?

Msomaji wa Kisasa, Dodoma

Jibu

Shikamoo Mwalimu. Busta usinunue, angalau kwa sasa, kwa maana tatizo lako halikuanzia kwenye antena wala kwenye redio. Limo katika waya.

Kwa maelezo yako, huo ni waya wa aina ya RG-58, wenye unene wa milimita 5 hivi, unaofaa kuunganisha vifaa viwili vilivyo karibu lakini si kuzunguka nyumba. Kila waya wa antena hula sehemu ya mawimbi yanayopita ndani yake, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ulaji unavyozidi. Katika masafa ya ndege, yaani megahezi 118 hadi 137, mita 30 za waya huo hupoteza desibeli 5 hadi 6, maana yake ni kwamba redio inapokea robo tu, au zaidi kidogo, ya nguvu iliyonaswa na antena. Ukipanda hadi megahezi 450, upotevu unafika desibeli 10 au kuzidi, na hapo katika kila sehemu kumi za nguvu inakufikia moja. Ndiyo sababu masafa ya juu yamekufa kwanza. Busta ikiwekwa chumbani, mwishoni mwa waya, itakuza hicho kidogo kilichobaki pamoja na kelele zake zote, na mawimbi yaliyokwisha kumezwa njiani hayatarudi.

Dawa ni mbili, na zote ni nafuu. Ya kwanza ni kufupisha njia. Usiuzungushe waya nyumba nzima kwa sababu ya kuona haya kutoboa ukuta. Toboa tundu moja karibu na mlingoti, na ikibidi uihamishe meza ya redio iwe karibu na tundu hilo. Ya pili ni kubadilisha waya. Waya mnene wa RG-213 ni mzuri sana, ila ni ghali na hupindika kwa shida. Mimi ningekushauri utumie RG-6, huu unaotumiwa na mafundi wa dishi kuteremsha mawimbi hadi kwenye king'amuzi, kwa kuwa unapatikana kila mahali na unauzwa kwa mita. Utaambiwa kwamba redio ya skana inataka waya wa omu 50 (kipimo cha ukinzani) ilhali huo ni wa omu 75. Ni kweli, na kwa redio ya kurushia matangazo ningekukataza, lakini kwa kupokea tu hasara ya tofauti hiyo haifiki hata robo ya desibeli. Ukiweka mita 12 za RG-6, hata katika megahezi 450 zitakufikia karibu theluthi mbili za nguvu ya antena. Kagua tu kwamba wavu wa ndani ya ganda umefumwa kwa kubanana na una karatasi ya alumini chini yake. Zipo roli za bei rahisi ambazo wavu wake unahesabika kwa macho. Uzi wa katikati ukiwa ni chuma kilichopakwa shaba usikate tamaa, kwa maana katika masafa haya umeme husafiri juujuu ya waya, na shaba hiyo nyembamba inatosha.

Vichwa vya waya viwe vya kubanwa kwa koleo maalumu, si vya kuzungusha kwa mkono. Kichwa kilichoko juu, kwenye antena, kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha juu yake ndipo iviringishwe tepu nyeusi ya umeme. Tepu nyeusi peke yake hukaushwa na jua la Dodoma na kuanza kubanduka. Maji yakishaingia hayabaki hapo, hutambaa chini ya ganda mita kwa mita, na waya uliokuwa mzuri mwezi wa Oktoba unakuwa kiziwi mwezi wa Februari bila mtu kuona dalili yoyote nje. Kabla ya waya kuingia ukutani, uache ulegee na kuning'inia chini ya tundu, ili matone yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Sasa mlingoti. Usiushikize kwenye bati, kwa sababu upepo wetu wa kiangazi huutikisa bila kupumzika, na tundu la msumari hupanuka hadi kuvuja. Ushikize kwenye ukuta wa pembeni kwa vishikio viwili vya chuma vilivyoachana angalau mita moja, na antena ipande mita moja na nusu au zaidi juu ya paa. Fimbo kuu ikae wima, kwa kuwa mawimbi ya ndege hutikisika wima. Antena ya televisheni iliyolazwa haiwezi kuchukua nafasi yake. Kimo kina maana kubwa, lakini zaidi kwa stesheni zilizo ardhini. Mawimbi haya husafiri karibu na mstari mnyoofu, hivyo antena iliyo mita 9 juu huona upeo wa kilomita 12 hivi katika nchi tambarare, na vilima vya mawe kama Mlimwa huupunguza zaidi. Ndege iliyoko mita 10,000 angani huonekana na antena hiyohiyo kutoka zaidi ya kilomita 400. Usishangae basi ukimsikia rubani aliye mbali mno na usimsikie yule anayemjibu.

Jambo lisilo na mjadala ni nyaya za umeme. Pima urefu wa mlingoti pamoja na antena, uzidishe mara moja na nusu, na ndani ya umbali huo kusiwe na waya wowote wa TANESCO, hata ule unaoingia nyumbani kwako. Mahali pasipofikisha umbali huo si pa mlingoti, hata kama ndipo unaposikia vizuri.

Kuhusu radi, mlingoti hauiiti kutoka mbali, ila ikipiga karibu utakuwa njia rahisi. Mlingoti wenyewe uungwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi kwenye nondo ya ethi, ile ya kuteremshia umeme ardhini, kwa njia fupi isiyo na kona kali. Hapo ndipo Dodoma inapotusumbua, maana kuanzia Mei hadi Novemba udongo wetu unakauka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Nondo ya mita moja iliyopigwa mchangani ni pambo tu. Ipigwe mita mbili na zaidi, au zipigwe mbili zilizoachana na kuungwa pamoja, na ikiwezekana ziwe pale maji ya bafuni yanapomwagikia. Halafu, na hili mafundi wengi hulisahau, ethi ya mlingoti iungwe na ethi ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga hutafuta njia ya kuzikutanisha, na njia hiyo huwa ni redio yako. Kinga ya radi ya kwenye waya ni nzuri, nayo ifungwe nje, kabla ya tundu la ukutani, na kuunganishwa na ethi hiyohiyo. Hata hivyo hakuna kinachoshinda kuchomoa waya na kuuacha nje ya dirisha mawingu yanapoanza kukusanyika. Ngurumo zikishaanza usiuguse.

Baada ya hayo yote, kama bado kuna mvumo, iwashe redio kwa betri kisha uzime umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Mvumo ukikatika, mkosaji ni taa ya LED, chaja ya simu au kidhibiti cha sola, na utamjua kwa kuwasha kimoja kimoja.

Na kabla hujapanda ngazi, tafadhali pita ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya Kanda ya Kati, ambayo iko hapahapa Dodoma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka halali, kwa hiyo waeleze una redio gani na unakusudia kusikiliza nini, ukapate jibu lao kwa maandishi. Mazungumzo ya vyombo vya usalama uyaache kabisa.

Swali

Nami nasikiliza ndege tu, sihitaji masafa mengine. Je, naweza kujitengenezea antena badala ya kununua?

Msomaji wa Nkuhungu

Jibu

Unaweza, na huenda ikaishinda ile ya dukani, kwa sababu antena ya masafa mengi hulipia uwezo huo kwa kutokuwa hodari katika masafa yoyote. Gawanya 71 kwa masafa ya katikati unayoyataka: kwa megahezi 127 utapata mita 0.56. Kata fimbo tano za shaba au alumini za sentimita 56. Moja isimame wima na iungwe na uzi wa katikati wa waya. Nne ziungwe na wavu wa nje na zishuke kwa mteremko wa nyuzi 45 kuelekea pande nne. Fimbo ya wima isigusane kabisa na hizo nne, kwa hiyo ishikilie kwa kipande cha plastiki ngumu. Ubao haufai, kwani hulowa.