Ukienda Wimbledon, katazame wanawake wawili wawili

Kila Juni ikikaribia, na mashindano ya tenisi ya Wimbledon nayo, napata ujumbe ule ule, wa wenzetu wa hapa London na wa jamaa wa Nairobi wanaopanga kuja kututembelea: "Tiketi za Uwanja Mkuu tunazipataje?" Jibu langu huwakera. Achaneni na Uwanja Mkuu. Pangeni foleni, nunueni tiketi ya kuingilia tu, ile ya kuzunguka viwanja vya pembeni, halafu tafuteni mechi ya wanawake wawili kwa wawili.

Mimi mwenyewe sikuwa na habari na wawili wawili mpaka Julai 2022. Nilikuwa kazini, simu mfukoni, nikichungulia matokeo kila nikipata upenyo. Angella Okutoyi, binti yetu wa miaka 18 aliyelelewa na nyanya yake, alikuwa kwenye fainali ya Wimbledon ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza wakapoteza 3-6, ya pili wakachukua 6-4, kisha zile pointi za kuamua, badala ya seti ya tatu, zikapanda mpaka 11-9 wakashinda. Kenya haikuwahi kupata taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kabla ya siku hiyo. Na wasikuambie walicheza na watoto wa kuokoteza: mmoja wa Wakanada wawili walioshindwa siku ile, Victoria Mboko, ndiye aliyetwaa mashindano ya Montreal mwaka 2025 kwa kumshinda Naomi Osaka. Nikajiapiza kwamba mwaka unaofuata nitakwenda kujionea.

Nikaenda, nikakosea karibu kila kitu. Nilichagua wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ya 2023 ilikuwa mvua tupu. Paa liko viwanja viwili tu, Uwanja Mkuu na Nambari 1. Kwingine kote wanavuta turubai na ninyi mnangoja. Tena mvua ikivuruga ratiba, mechi za mchezaji mmoja mmoja hupewa kipaumbele, wawili wawili wanasukumiwa kesho. Mahamri niliyobeba yaliisha kabla ya adhuhuri. Mchana uliobaki niliutumia kutazama turubai.

Kwa hiyo nenda wiki ya pili. Tiketi ya kuingilia inakuwa nafuu, foleni inapungua, na waliobaki kwenye mmoja mmoja ni wachache na wanacheza viwanja vikubwa, kwa hiyo vile vidogo vinaachiwa wawili wawili na vijana. Wawili wawili huanza jozi 64, taji ni mechi sita, na kufikia wiki hiyo waliobahatisha wameshafungasha. Shuka kituo cha Southfields, fuata watu. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho. Ratiba hutoka jioni iliyotangulia, isome kabla ya kulala. Usipange miadi ya jioni pia: kwenye mashindano mengi ya kawaida seti ya tatu hubadilishwa kuwa pointi kumi za haraka, lakini Wimbledon wanawake wanaicheza yote.

Sasa, ukishafika, kuna kosa moja ambalo kila mgeni analifanya, nami nililifanya mechi mbili nzima. Unafuata mpira. Kichwa kulia, kichwa kushoto, kama feni. Shingo inauma na huelewi kwa nini pointi imeisha.

Mtazame asiye na mpira. Nakumbuka nimesimama kwenye kona ya uwanja mmoja mdogo, majina ya waliocheza siyajui, karibu kiasi cha kusikia viatu vikikwaruza nyasi. Aliyekuwa wavuni ameinama, mkono wa kushoto umefichwa nyuma ya kiuno. Akakunja ngumi, akaifungua, akatoa kidole kimoja. Mwenzake nyuma, ambaye ndiye wa kuanzisha, akadundisha mpira mara moja na kuitikia kwa kichwa. Mpira ukapigwa, na kabla haujarudi yule wa wavuni alishaanza kukata kati. Akauzima. Pointi iliyofuata akatikisa bega tu kana kwamba anakwenda, akabaki. Mpinzani akaogopa, akaupiga nje. Iliyofuata tena, bega tu, mpira ukaingia wavuni. Pointi tatu, mpira ameugusa mara moja, na zote tatu kazi ilikuwa yake. Kwenye televisheni, kamera ikifuata anayepiga, hayo mengi yanakupita.

Ndiyo maana nasema simama kwenye kona, au tafuta kiti nyuma ya mstari wa mwisho. Ukikaa ubavuni huoni nafasi kati ya watu wawili, na mchezo wote uko pale. Kwa wawili wawili uwanja unapanuliwa kutoka mita 8.23 hadi 10.97, ungedhani hatari iko pembeni. Wapi! Mimi na mwenzangu, dada mmoja wa Mombasa ninayecheza naye Jumamosi kwenye bustani ya mtaa, tulipoteza msimu mzima katikati. Mpira unapita baina yetu, tumesimama tunausindikiza kwa macho kama matatu iliyojaa. "Nilidhani wako, mwaya." "Nami nilidhani wako." Siku hizi tunakubaliana kabla ya mchezo: wa katikati ni wa yule ambaye uko upande wa mkono wake wenye nguvu, mwisho wa mjadala. Na baada ya kila pointi tunasogeleana tuseme neno, hata kama ni kuulizana habari za watoto. Wale wa kulipwa hufanya hivyo hivyo, mpira umefunika mdomo. Huenda nao wanaulizana habari za watoto.

Kuhusu mwenza, usimchukulie kama ndoa. Wacheki Barbora Krejcikova na Katerina Siniakova walishinda Wimbledon pamoja 2018 na 2022. Mwaka 2024 Krejcikova akachukua taji la mmoja mmoja, na Siniakova akachukua la wawili wawili akiwa na Taylor Townsend. Kwa upande mwingine, Hsieh Su-wei wa Taiwan na Barbora Strycova wa Ucheki walishinda 2019, Strycova akastaafu, akajifungua, akarudi kwa mwenza wake yule yule wakashinda tena 2023. Kwa hiyo anayekuambia dada yako wa raketi ni wa kudumu au wa kubadilisha, mwache aseme.

Kinachoniudhi ni pesa. Mwaka 2025 bingwa wa mmoja mmoja alipata pauni 3,000,000. Kudermetova na Mertens, mabingwa wa wawili wawili, waligawana 680,000. Sisemi ni pesa kidogo, mimi nalipwa kwa saa. Lakini nikiona viti vitupu kwenye robo fainali yao, huku watu mia kadhaa wamekaa kwenye kilima cha humo humo ndani wakitazama skrini kubwa, nashindwa kuelewa wamelipa nauli ya nini.

Mimi wiki ya pili nitakuwepo, koti la mvua kwenye mkoba hata jua likiwaka. Ukiniona kwenye foleni nisalimie, tena karibu mahamri. Ila usiniombe nikushikie nafasi: kila mtu ana kadi yake yenye nambari, na wale wasimamizi wanajua kuhesabu.