Bia ya chupa: gesi haitabiriki, povu halikai

Swali: Mimi hutengeneza bia nyumbani, Kahawa West, lita 20 kwa mara moja. Kila chupa ya nusu lita naitia kijiko cha sukari kabla ya kufunga. Baada ya wiki moja, chupa moja hufurika, nyingine haina gesi kabisa, na povu hupotea mara tu ninapomimina. Tatizo ni nini?

Jibu: Ni hicho kijiko. Kijiko cha chai kikiwa sawasawa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kikijaa pomoni hupita 6. Nusu lita inataka gramu 3 na nusu tu. Achana nacho, nunua mizani ya jikoni. Kwa lita 20 pima gramu 140, chemsha na kikombe cha maji, acha ipoe, kisha mimina kwenye ndoo safi. Ingiza bia juu yake kwa mpira, ncha ikigusa chini ili isirushe matone, maana hewa huiharibu bia. Koroga taratibu, ndipo ujaze chupa.

Kabla ya hayo, hakikisha bia imemaliza kuchacha: kipimo cha haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, kisibadilike kwa siku 3. Hapa sibembelezi mtu. Sukari iliyobaki ikijumlishwa na unayoongeza, chupa hupasuka na vioo vinaweza kukutoboa jicho.

Wiki moja pia haitoshi, hasa Julai, chupa zikikaa kwenye sakafu ya simiti. Hamira huzubaa kwa baridi. Ziweke penye nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki 2 au 3. Jaza bia hiyohiyo kwenye chupa moja ya plastiki ya soda, uibonyeze kila baada ya siku chache. Ikikataa kubonyea, gesi ipo. Kisha ziweke nyingine kwenye friji siku 2 kabla ya kufungua.

Povu ni jambo jingine. Gesi hulipandisha, lakini protini za kimea na uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) ndivyo hulishikilia. Ukichachusha sukari nyeupe nyingi, povu litakuwa jepesi. Ongeza kimea, hata cha ngano kidogo. Halafu chunguza glasi: ilowanishe, na maji yakijikusanya matonematone, ina mafuta. Isugue kwa magadi, suuza sana, iache ikauke bila kitambaa.

Zile zilizofungwa tayari, ziingize zote kwenye friji leo. Ukizifungua, vaa glavu na miwani, na ufunike kila chupa kwa taulo nene.